Unyevu Chini ya Magunia

Mzee Kaleli hakufukuzwa kazi. Laiti angefukuzwa! Mtu akifukuzwa ana la kusema. Anaweza kutukana, anaweza kwenda kwa chifu, anaweza kukaa kwenye kioski na kumsema tajiri mpaka chai ipoe, na watu wakamwambia pole. Kaleli hakupewa hata nafasi hiyo. Yeye aliheshimiwa. Aliheshimiwa mpaka akaisha, na mimi mpaka leo nikisikia mtu akisema "tumstahi mzee" huinuka nikaenda zangu.

Alikuwa mtu wa Kalimoni, si wa kuzaliwa bali wa kuhamia. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaja kukata mkonge kwenye mashamba makubwa ya Juja. Mkonge ulimkwaruza mikono, ukamchoma jicho la kushoto likabaki na ukungu, na biashara ya mkonge ilipokufa, Kaleli akabaki na kipande cha shamba, mke wake Nduku, na binti mmoja tu, Kanini, aliyeolewa Kiuu kule Ruiru. Nguvu za panga zilipokwisha akapata kazi ya ulinzi Thika, upande wa Makongeni, katika godauni la Abdulkarim. Huyu Abdulkarim alikuwa mfanyabiashara wa malisho: chakula cha kuku, chakula cha ng'ombe, pumba, chokaa na madawa yake. Mwislamu mpole, mwenye sauti ndogo, asiyependa ugomvi. Kuna watu wapole kiasi kwamba hawawezi kukuambia shati lako limechanika mgongoni. Ndiye huyo.

Sasa, ulinzi wa stoo ya malisho si wa wezi peke yao. Adui mkubwa ni maji. Gunia likiingia unyevu linaota ukungu, kuku wanakufa, mteja wa Murera anakuja kukutupia mizoga mlangoni. Kaleli alilielewa hilo vizuri sana. Saa sita mchana, jua likiwa juu ya utosi, alikuwa akifunga milango yote na kukaa gizani ndani ya godauni, akitafuta vitone vya mwanga sakafuni. Kila kitone kilimaanisha kuna tundu la msumari kwenye bati. Basi anaweka jiwe pale penye kitone, anapanda juu na kopo lake la lami, anaziba. Miaka yote ile hakuna mvua iliyowahi kupenya. Wateja wakiuliza kama mali ni kavu, Abdulkarim alikuwa akijibu kwa fahari, "Stoo yangu ina Mzee Kaleli."

Na mzee mwenyewe aliishi kwa sifa hiyo. Hakuwa na nyingine.

Halafu uzee ukamfikia pale wanaume wengi unapowafikia. Ile tezi ya chini ilivimba. Akawa wa kutoka nje kila mara, na akifika huko ni matone tu, anarudi, anatoka tena. Hospitali walimwambia apasuliwe, akaitikia vizuri, akavaa kofia yake akaenda zake nyumbani. Siku moja kwenye matanga ya jirani maombi yalirefuka, mzee akajikaza, akajikaza, mwisho akashindwa. Nduku aliyekuwa ameketi kando yake aliona suruali ikibadilika rangi. Alichukua kikombe chake cha chai akammwagia mapajani, akapiga kelele, "Aiya! Baba Kanini, nimekuunguza!" Watu wakacheka, wakamwita Nduku mama wa mikono ya siagi, na mambo yakaisha.

Hayakuisha. Mumbi alikuwa pale. Mumbi ndiye aliyekuwa akifagia godauni la Abdulkarim na kuwapikia wafanyakazi chai, na macho ya Mumbi hayakuwa na kazi nyingine. Hakuwa mbaya, tafadhali. Alimwonea mzee huruma kweli. Alimwambia Nicanor, msimamizi wa godauni, kwa huruma, na Nicanor akamwambia tajiri kwa huruma vilevile. Wote watatu wakakubaliana kwamba jambo hilo lisisemwe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Januari ya mwaka wa tisini na saba, kiangazi kikali, mawe ya mto Chania yako nje, vumbi limepaka kila jani. Mali ilikuwa imeingia nyingi kutoka Nairobi na nafasi haitoshi. Abdulkarim akawaambia wapagazi wapange yuria juu ya koline. Yuria ni ile nyeupe ya chembechembe, wengine wanaijua kama mbolea, lakini pale ilikuwa ya kuchanganywa na molasi ya ng'ombe, kidogokidogo. Koline nayo ni chumvi nyeupe ya kuku, inatoka ng'ambo, inatiwa kwenye malisho ili kuku watage na maini yao yasioze mafuta. Zote mbili kavu. Zote mbili nyeupe. Nani angewaza? Walizipanga kwenye kona ya ndani, chini ya bati lenye joto kuliko yote, pale pale mzee alipokuwa akikesha usiku na kigoda chake na koti lake. Panya nao hawakukawia, wakatoboa magunia ya juu na ya chini.

Asubuhi moja Nicanor alifungua mlango mkubwa, Mumbi nyuma yake na ufagio. Mzee alikuwa nje kwenye mfereji ananawa uso. Walipofika kwenye kona, wakaona sakafu imelowa kuzunguka kigoda. Koti la mzee, alilokuwa amelitandika kwenye ukingo wa magunia ili aegemee, lilikuwa chepechepe. Nicanor aliinama, akagusa kwa ncha ya kidole. Palinata. Palinuka ile harufu ya choo cha stendi, na shombo kidogo juu yake.

"Woi, Ngai," Mumbi akasema kwa sauti ya chini.

Kaleli akaingia akijipangusa uso kwa mkono wa shati. Aliona unyevu, na kitu cha kwanza alichofanya, kwa kuwa ndiye Kaleli, ni kutazama juu. Alitafuta tundu. Jicho lake zuri lilikimbia kwenye paa, bati kwa bati, maana tone moja lingekuwa aibu yake. Kisha akakumbuka kwamba mvua haijanyesha tangu Desemba. Aliposhusha macho akamkuta Mumbi, na Mumbi hakuwa anatazama bati. Alikuwa anatazama suruali yake.

Mzee akapeleka mkono nyuma. Palikuwa na unyevu.

"Nicanor," akasema, "haya ni nini?"

"Si kitu, mzee wetu. Ni maji tu."

"Yametoka wapi?"

"Aa, mzee. Maji ni maji. Njoo unywe chai."

Hapo ndipo ninapotaka kumshika Nicanor mashati! Angelitamka lile neno, tena kwa ubaya, kwa kelele, mzee angekasirika. Angepinga. Angepiga magoti akaugusa ule unyevu, akaona kwamba ni mzito kama glisirini, kwamba jua linapanda na haukauki, na mkojo gani duniani usiokauka Januari ya Thika? Lakini nani anapiga magoti kunusa fedheha yake mwenyewe mbele ya watu, wakati watu wenyewe wamegeuka kando ili asione wanaona? Mzee alifuata chai. Mumbi alimmiminia nusu kikombe.

Kila siku alikuwa akimjazia mpaka inamwagika kwenye sahani. Siku ile nusu. Mzee alikitazama kile kikombe kwa muda mrefu, akakielewa.

Mchana alikuta mtu ametandika karatasi ya nailoni juu ya kigoda chake, na juu ya nailoni ameweka gunia safi ili isionekane. Alipoketi ikapiga kelele chini yake. Wapagazi wawili waliokuwa wakicheka mlangoni wakanyamaza ghafla, wakaanza kumwamkia kwa adabu, shikamoo mzee, shikamoo mzee, watu ambao siku zote walikuwa wakimtania kwamba anapanda bati kama nyani. Hawakumtania tena.

Akaanza kukataa kunywa. Maji hataki, chai hataki, uji anauonja kwa ncha ya ulimi. "Guka, babu yangu, umefunga na bosi?" Mumbi akamwuliza, maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani na Abdulkarim hakuwa akitia kitu mdomoni mchana. Watu wakacheka, na mzee naye akacheka. Midomo ilikuwa imempasuka.

Na pale kwenye kona pakalowa tena. Alikuwa hajanywa hata funda, koo kavu, ulimi umeshikamana na kaakaa, na asubuhi anakuta unyevu chini yake, mzito, unaonata, unaonuka. Hapo ndipo alipovunjika. Mtu anaweza kukana wanayoyasema watu. Lakini yeye hakuwa ameambiwa lolote la kulikana, na kila alipoangalia, sababu ilikuwa moja tu. Bati zima. Mvua hakuna. Mwingine humo ndani hayupo. Alijiambia kwamba mwili wake umemwacha, kwamba unavuja sasa bila hata kumjulisha, na kwamba yeye, mtu aliyeziba kila tundu la nyumba hii, ndiye anayeharibu mali ya watu. Alilia, lakini alihakikisha hakuna anayemwona.

Akaenda ofisini kwa Abdulkarim, akasimama, kofia mkononi.

"Bosi. Ni mimi."

Abdulkarim hakuuliza ni wewe umefanya nini. Aliinamisha macho kwenye meza. "Hakuna kitu, mzee wangu," akasema taratibu. "Sote tunazeeka. Mungu atusitiri."

Basi. Hukumu ikawa imetoka, na aliyeitoa hata hakujua kwamba ametoa hukumu.

Walimuaga kwa heshima zote. Chai ya maziwa kwa wafanyakazi, mandazi, blanketi jipya, sukari, unga. Nicanor alitoa hotuba ndefu kuhusu utumishi wa mzee. Abdulkarim alimwombea dua. Hakuna aliyetaja kwa nini anaondoka, na kwa kuwa hakuna aliyetaja, kila mtu alikuwa akilifikiria hilo hilo tu. Mzee alishukuru, akabeba blanketi lake, akaenda nyumbani Kalimoni.

Nduku alidhani atapumzika. Hakupumzika. Alihama kitandani akalala chini, juu ya gunia, akisema mgongo unataka sakafu. Aliacha kwenda kanisani. Mgeni akibisha hodi, yeye anapitia mlango wa nyuma na kwenda kusimama shambani mpaka mgeni aondoke. Na kunywa, ndiyo hataki kabisa. Nduku alimbembeleza kwa uji, kwa supu, kwa maziwa ya mbuzi wao.

"Kunywa, baba Kanini. Utakufa."

"Nikinywa nitakuaibisha."

"Mimi? Mimi umeniaibisha lini?"

Mzee alikisukuma kikombe kando. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba mwanamume anayevuja hana haki ya kujazwa.

Kanini alikuja kutoka Kiuu na mtoto wake wa pili, mvulana, aliyepewa jina la babu yake kama desturi inavyotaka. Kaleli mdogo. Alimvua mtoto shali, akamnyooshea baba yake. Mzee akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mpe mama yako. Nitamlowesha."

"Baba!" Kanini akasema, akijaribu kucheka. "Mtoto mwenyewe ndiye anayekojoa hapa! Ndiye atakulowesha!"

Mzee hakucheka. Alimtazama mjukuu wake kwa mbali, kwa lile jicho zima, akameza mate ambayo hayakuwepo. Kanini alirudi Ruiru analia njia nzima. Hakuwahi kupata nafasi nyingine ya kumpakatisha baba yake yule mtoto.

Huku Thika, kona ilibaki tupu. Soja mpya aliwekwa nje getini, hakuwa na ruhusa ya kuingia ndani. Siku moja Nicanor aliona unyevu tena, akasema ni paka. Akaupangusa, akamtafuta paka, hakumpata. Huyo ni Nicanor. Ikafika Idi, godauni likafungwa kwa sikukuu, kufuli juu ya kufuli, funguo mfukoni mwa Abdulkarim mwenyewe. Alipokuja kufungua, Nicanor na Mumbi wakimngoja mlangoni, alikuwa na binti yake Hayat, aliyekuwa akisomea kemia chuo kikuu na alikuwa nyumbani kwa sikukuu. Kwenye kona walikuta si unyevu tena. Ni dimbwi. Limetambaa mpaka kwenye magunia ya pumba, linang'aa, zito, na hakuna mtu aliyekuwa ameingia humo.

Abdulkarim alisimama mdomo wazi. "Nani aliingia hapa?"

Hayat alikuwa ameshachuchumaa. Aliona vitobo vya panya. Aliona weupe wa juu umemwagikia weupe wa chini, na pale vilipokutana ndipo palipoanza kulowa. Aliomba kisosi. Akachota kidogo cha yuria, kidogo cha koline, akavisaga pamoja kwa mgongo wa kijiko, akakiweka kisosi nje juu ya kipande cha bati, juani. Kando yake akaweka yuria peke yake na koline peke yake. Wakasimama wote wanangoja, Nicanor, Mumbi, na Abdulkarim. Ile yuria ilikaa kavu. Koline ilikaa kavu. Ule mchanganyiko ukaanza kung'aa pembeni, ukawa kama uji, halafu Hayat akainamisha kisosi na ukatiririka.

"Umetia maji saa ngapi?" baba yake akauliza.

"Sijatia maji, Baba. Hayamo." Alikuwa amechangamka, maskini, hakujua bado anachokisema kina maana gani kwa wale watu. "Koline ni chumvi. Vipande vyake vina chaji, kimoja chanya, kingine hasi, huyo hasi ndiye kloridi. Vinavutana sana, vinajipanga safu kwa safu, ndiyo maana inakuwa chembechembe kavu. Sasa yuria haina chaji, lakini ina haidrojeni nyingi pembeni, na kloridi inazipenda. Ikizikuta inazishika. Tunaita bondi ya haidrojeni. Ikishikwa huku na huku, mshiko wake na mwenzake unalegea. Hata kile kipande chanya kina haidrojeni yake ya kushika jirani. Kila mtu ameshika mtu, hakuna wa kurudi kwenye safu. Safu zikivunjika ndiyo unapata hii. Si maji, ni hizo mbili zenyewe zimeyeyukiana. Mwalimu wetu alisema ng'ambo wanachunguza sana chumvi za namna hii, za kukaa majimaji bila moto. Nilidhani ni vitu vya maabara, kumbe viko hapa Makongeni!"

"Na harufu?" Nicanor akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Yuria ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mkojo, uncle. Na koline ikikaa inanuka samaki kidogo."

Mumbi aliweka mikono yote miwili kichwani. Abdulkarim aliketi juu ya gunia, na Hayat akawa anawatazama mmoja mmoja, akiuliza, "Kwani nini? Nimesema nini?" Ikabidi baba yake, kwa mara ya kwanza, amweleze mtoto wake wa kike jambo hilo kwa maneno kamili.

Walikwenda Kalimoni siku ile ile. Lakini Abdulkarim, jamani, alipita dukani kwanza. Alinunua sukari. Alinunua unga, na majani ya chai, na blanketi. Hakuweza kwenda kwa mzee mikono mitupu. Angejiona hana adabu.

Walimkuta chini ya ukuta, juani, ingawa lilikuwa jua la kuua. Alikuwa amekwisha. Shingo imekuwa kamba, miguu imevimba, na macho yameingia ndani. Nduku aliwaambia kwa kunong'ona kwamba mkojo wenyewe sasa ni kidogo na mweusi kama kahawa, na kwamba hospitali amekataa kata kata, kwa sababu huko wanauliza maswali kwa sauti.

Hayat alichuchumaa mbele yake. Alisaga upya yuria na koline alizokuja nazo, taratibu, ili mzee aone kila kitu. Alimwonyesha kijiko kikavu, kisosi kikavu, mikono yake mikavu. Alikiweka juani. Mzee alikitazama kile kisosi. Mwanzoni alitazama kwa adabu tu, kama unavyomtazama mtoto wa mtu akikariri shairi. Kisha weupe ukaanza kung'aa, na moyo wake ukaruka. Niseme ukweli, uliruka. Kwa kitambo kidogo Kaleli alikuwa mlinzi tena. Alifikiria vitobo vya panya, alifikiria joto la bati lile, akawaza, basi si mimi. Si mimi! Alitaka kuamini kuliko alivyotaka maji.

Ndipo macho yake yakaenda kwa Nicanor, aliyekuwa akishusha mizigo kutoka kwenye pikapu. Sukari. Unga. Blanketi. Vitu vile vile vya siku ile ya kuagwa. Kama ni kweli, akajiuliza, mbona wamekuja na blanketi? Akamtazama Abdulkarim, na Abdulkarim alikuwa ameinamisha macho chini, kwa aibu yake mwenyewe, lakini kwa namna ile ile aliyoyainamisha kule ofisini. Na mzee akaelewa, au alidhani ameelewa. Watu hawa walikuwa na huruma. Walikuwa na huruma ya kumtandikia mtu nailoni na kuificha chini ya gunia. Watu kama hao wangeshindwa kuandaa kisosi?

"Umeona, mzee?" Hayat akasema. "Haikuwa wewe. Haikuwa wewe hata siku moja."

"Nimeona, mwanangu. Asante sana. Mmefanya wema kuja mbali hivi." Akamgeukia mke wake. "Mama Kanini, wape wageni chai."

Hayat alisikia. Alikuwa mtoto mwerevu. Alisikia kwamba mzee anamshukuru kwa uongo mzuri, na akaanza kurudia, bondi, haidrojeni, safu, chaji, kwa haraka, maneno yanagongana, na kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kuitikia, ndiyo mwanangu, ni kweli mwanangu, kwa sauti ya upole isiyo na kitu ndani.

Abdulkarim hakuweza tena. Mtu yule ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti alipiga kelele hadi mbuzi akakata kamba. "Mzee Kaleli! Hukujikojolea! Unanisikia? Hukujikojolea!"

Jirani aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua alisimama na jembe mkononi. Nduku alijiziba mdomo kwa leso. Na mzee, aliyekuwa amekaa uso wazi muda wote, aliuficha uso wake kwa mikono miwili. Neno lilikuwa limetamkwa sasa, mchana kweupe, mbele ya mke wake, mbele ya binti wa watu, mbele ya jirani.

"Bosi," akasema ndani ya viganja. "Siku ile hukulisema. Leo unalisema la nini?"

Abdulkarim alipiga magoti kando yake. Alimwomba akubali kupelekwa hospitali. Mzee akasema kesho. Alimpa maji kwa mkono wake mwenyewe. Mzee akayapokea, akashukuru, akayaweka chini. Kesho yake alikuwa hajitambui. Walimbeba hadi Thika kwa pikapu ile ile, wakaambiwa figo zimekufa, na yeye akafa kabla wiki haijaisha.

Mazishi yalijaa watu. Abdulkarim alikuja na familia yake yote, na wafanyakazi wote, godauni limefungwa. Alikuwa ameapa mbele ya Hayat kwamba atasema. Atawaambia watu wa Kalimoni wote kilichotokea, jirani mwenye jembe akiwemo, maana habari ya zile kelele ilikuwa imezunguka kijiji kizima na kila mtu aliisikia kinyume. Alipopewa nafasi alisimama kando ya kaburi, akamkabili Nduku.

"Ndugu zangu," akaanza, "huyu mzee kuna jambo alidhaniwa, na halikuwa kweli. Pale stooni kwangu palilowa..."

Minong'ono ikaanza. Akina mama wakainamisha vichwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, mwenye mvi, akamsogelea akamshika kiwiko. "Baba Hayat," akamwambia sikioni, "mambo ya haja hayasemwi mbele ya maiti. Tumstahi mzee."

Abdulkarim akanyamaza. Alimtazama Nduku. Nduku ndiye mtu pekee pale aliyekuwa ameinua uso. Alikuwa amemkazia macho, midomo imefunguka kidogo, anangoja aendelee. Nyuma yake Kanini alikuwa amembeba mtoto mgongoni, naye anangoja.

"Alikuwa mtu mwema," Abdulkarim akasema, akaketi.